Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga kuhusu vyombo vya kutayarisha mfupa wa nyonga

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Lubumbashi, na kazi yangu ni kumkabidhi daktari vyombo. Ombi langu ni moja: jimbo linaponunua skrubu na mabamba ya kuunga nyonga iliyovunjika, linunue pia vyombo vya kutayarisha mfupa, na livibadilishe vinapochakaa.

Skrubu ya nyonga haiingii kwenye mfupa ambao haujaandaliwa. Kwanza daktari hupitisha waya wa milimita 2.5, kwa kifaa cha kuongozea chenye pembe ya digrii 135, kutoka ubavuni mwa fupa la paja hadi ndani ya kichwa chake. Picha ya eksirei ikimridhisha, huvisha juu ya waya huo kekee yenye tundu katikati, ambayo kwa mara moja hutoboa njia ya skrubu, hupanua mlango wa kuingilia mrija wa bamba, ambamo skrubu hukaa, na kuchonga ukingo ili bamba lilale sawasawa.

Kekee ikiwa butu, daktari hukandamiza, na mfupa hupata joto. Watafiti wa Uswidi, Eriksson na Albrektsson, walionyesha mwaka 1984, kwa kuwachunguza sungura, kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja zatosha kuuzuia mfupa usijijenge upya vizuri. Na skrubu iliyoshikwa na mfupa wa namna hiyo hulegea. Tundu la kekee likiziba kwa mabaki ya mfupa, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kekee hunasa waya na kuusukuma mbele, ukavuka kiungo na kuingia ndani ya fupanyonga, palipo na mishipa mikubwa ya damu.

Mama mzee wa Katuba, hapa mjini, aliyeteleza uani hayajui hayo. Jamaa zake wamechanga franga za skrubu, hawaulizi kekee imetumika mara ngapi, wala si kazi yao kuuliza.

Huwa naambiwa kwamba mji wa migodi haukosi fundi wa kunoa. Mafundi wapo, tena hodari, lakini kekee ya upasuaji ikinolewa ovyo hupoteza kipimo chake, na tundu la mfupani lisilolingana na skrubu halina faida kwa mtu. Seti za msaada zenye vipande vya watengenezaji mbalimbali nazo hutusumbua vivyo hivyo: bisibisi ya huyu haiingii kwenye skrubu ya yule.

Njia nyingine ipo. Shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, hutoa misumari ya kuunga mifupa iliyovunjika pamoja na vyombo vyake, vikiwemo vya kupanulia mfupa vinavyozungushwa kwa mkono, ambavyo umeme ukikatika bado vinafanya kazi.

Kwa hiyo naomba kila zabuni ya jimbo idai seti kamili ya mtengenezaji mmoja, ikiwa na kekee za akiba, na kila hospitali iwe na daftari la matumizi ya kila kekee, likaguliwe pamoja na tundu la kekee kabla ya chombo kurudi kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke.

Kwa heshima,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Lubumbashi