Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waliopasuliwa moyo na wanaowauguza,

Hesabu za chama atawasomea mweka hazina. Mimi nitasema juu ya yale tuliyoyasikia katika vikao vyetu vya kila mwezi.

Nilitarajia tungezungumzia vidonda, na kweli tulianzia hapo: mfupa wa kidari uliokatwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya, ambao huhitaji wiki 6 hadi 12 kuunga, mto wa kukumbatia kila ukikohoa, mguu uliotolewa mshipa wa kupandikizwa kwenye moyo, ambao baadhi yenu mlisema uliwatesa kuliko kifua chenyewe. Kikao cha tatu, mzee wetu mmoja akasema kwamba tangu arudi nyumbani hujifungia bafuni akalia, wala hajui analilia nini. Ukumbi ukanyamaza. Kisha mikono ikaanza kunyooshwa.

Nami nilinyoosha wangu. Miezi miwili baada ya kupasuliwa nilikuwa naogopa kulala. Nilikesha nikihesabu mapigo. Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimepewa orodha ya dawa na tarehe ya kliniki, lakini habari ya huzuni hakuna aliyenigusia. Nikajiona mkosa shukrani: nimeokolewa, na bado sina furaha. Sasa najua kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya upasuaji wa moyo huwapata wengi, na inatibika. Ikiachwa, mtu huacha mazoezi, huacha hata dawa.

Kwa hiyo kamati imeamua kwamba wanachama wanaotembelea wodi wazungumze jambo hili waziwazi na mgonjwa kabla hajaruhusiwa, na awepo yule atakayemuuguza nyumbani. Asiposikia mke, mume au mtoto, atadhani mgonjwa wake amegeuka mkali tu.

Wenye vali za chuma, yaani milango ya moyo ya kupandikizwa, nawasihi tena: warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya maisha yote, kipimo cha damu kisirukwe, na daktari wa meno aambiwe mapema, kabla hajagusa jino, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu vinaweza kushambulia vali.

Tulichoshindwa mwaka huu ni kikao cha wanaouguza. Tulikiahidi, hatukukifanya, na lawama ni yangu. Wao pia hukesha wakisikiliza pumzi za mwenzao. Natafuta wawili kati yenu, mmoja aliyepasuliwa na mmoja aliyeuguza, wakiongoze pamoja. Majina apewe katibu leo, kabla hatujatawanyika.