Mgeni wa wiki saba apange wapi Dar es Salaam?

Ndugu Mhariri,

Mama yangu alipopangiwa matibabu ya wiki saba Muhimbili, nilizunguka Upanga, Kariakoo na Magomeni nikitafuta chumba na sebule, lakini kila mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja, mbali na ada ya kuonyeshwa nyumba, ambayo hairudishwi hata usipoipenda. Nyumba zenye samani zilikodishwa kwa siku, kwa bei ya watalii. Hatimaye tulijibana kwa binamu yangu Mbagala, na foleni ya alfajiri tuliijua. Naziomba serikali za mitaa, zinazowafahamu madalali hawa kwa majina, ziwashawishi wenye nyumba kukubali mikataba ya mwezi mmoja mmoja kwa wanaouguza.

Msomaji wako,
Songea