Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, nawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi!

Mwaka jana nilisimama mbele yenu chini ya mwembe, ukumbi ukiwa umefungwa na paa linavuja. Leo tumekaa ndani. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nina mawili tu, kuta na ile jioni ya muziki wa kale.

Kuta zilitutia hasara, na kosa ni la kamati. Tulichukua fundi wa bei nafuu, akapiga plasta ya saruji juu ya mawe yaliyojengwa kwa udongo na chokaa. Ilipendeza mpaka Januari. Mvua zilipokolea, unyevu ukakosa pa kutokea, plasta ikatuna kama andazi, kisha ikaanza kudondoka vipande. Tuliibandua yote, tukarudia kwa chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, maana ukuta wa namna hii lazima upumue. Boriti mbili zilizoliwa na mchwa zimebadilishwa. Madirisha ya upande wa reli bado, kwa hiyo upepo wa Agosti tutauvumilia tena.

Sasa tamasha. Nakiri nilikuwa nimeshakodi spika. Mzee wetu mpiga ilimba, ile ala ya kasha la mbao na vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ndiye aliyekataa. Aliniita pembeni, akanigeuzia kasha lake, akanionyesha kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, mweupe, mwembamba kama karatasi ya sigara. Huo ndio unaoipa ilimba ule mvumo wa kukoroma. Kipaza sauti, alisema, hunasa chuma tu, buibui humwacha. Spika zikarudishwa, malipo ya awali hatukurudishiwa, msimuulize mhazini.

Alikuwa na haki. Ilimba ina vyuma vingine ambavyo kidole hakivigusi kabisa, hulia vyenyewe jirani zao wakiguswa, na ndani ya kuta zile za chokaa tulivisikia mpaka viti vya nyuma.

Wapiga zeze wawili, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, walitoka vijiji tofauti, na mazeze yao hayakupatana. Walikaa karibu nusu saa wakikaza na kulegeza nyuzi, mmoja akiimba, mwenzake akimfuata. Niliogopa watu wataondoka. Wapi! Walinyamaza kana kwamba huo ndio wimbo wa kwanza. Ugomvi huu si wetu peke yetu: Ulaya, wanaopiga muziki wa karne ya 17 wamerudia nyuzi za utumbo wa kondoo, na wengi huishusha noti ya la (A) hadi hezi 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde, badala ya 440 ya siku hizi.

Akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walifunga jioni, ngoma zimebanwa mapajani, na hapo hata wajumbe wa kamati waliacha kusimama mlangoni kama walinzi. Vijana kadhaa waliniambia Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa ilimba na zeze, mwana wa mkoa huu wa Dodoma aliyefariki 2003, walikuwa wakimsikia kwenye simu tu. Zeze lenyewe hawakuwahi kuliona karibu.

Upungufu ulikuwepo. Tulichelewa kuanza, vyoo havikutosha, na vumbi la uwanjani liliwasumbua wageni waliotoka Morogoro kwa treni ya umeme. Kamati inapendekeza tamasha lirudiwe mwakani baada ya mavuno, bila spika, na madirisha yatangulie kabla ya kitu kingine chochote. Mtalipigia kura jambo hilo katika ajenda ya tano.

Ada inapokelewa kwa katibu, meza ile ya kushoto, kabla ya chakula.