Mtoe farasi wako kwenye fesku

Mpendwa Rehema,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniambia kwamba farasi wako jike amebakiza miezi mitatu azae, kwamba amenona, na kwamba anashinda kwenye malisho ya fesku, nyasi inayoweza kumdhuru mwenye mimba; hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikujibu leo hii.

Fesku yenyewe haina hatia. Sumu hutokana na kuvu anayeishi ndani ya shina na mbegu zake, asiyeonekana kwa macho, naye huyo huyo ndiye anayeisaidia nyasi hiyo kustahimili ukame na wadudu. Ndiyo maana aina ya Kentucky 31, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1943, ilienea sana kabla watafiti hawajamtambua kuvu huyo katika miaka ya 1970. Sumu yake, ergovalini, huiga dopamini, kemikali ya mwili inayozuia homoni fulani, na hivyo huzuia prolaktini, homoni inayoandaa maziwa. Mama basi huonekana mzima kabisa (unono usikudanganye), mpaka mimba inapopita zile siku 340 hivi za kawaida huku kiwele kikiwa bado kimesinyaa.

Mtoto naye huzidi kukua tumboni, akazaliwa mrefu wa mifupa lakini dhaifu, asiweze kusimama wala kunyonya. Kondo la nyuma huwa nene, na badala ya kupasuka hutangulia kutoka, jekundu kama mahameli. Ukiuona wekundu huo mahali pa utando mweupe, mwite daktari wa mifugo lakini usimngoje: lipasue kondo mara moja na umsaidie mama kumtoa mtoto, kwani hewa anayoipata kwa mama yake inakatika.

Akiokoka, bado yupo hatarini. Farasi hapitishii kinga kwenye kondo. Mtoto huipata kwa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, tena katika saa chache za kwanza, kwa hiyo tafuta mapema dang'a iliyogandishwa ya farasi mwingine.

Mhamishe wiki hii, maana inashauriwa akae mbali na fesku siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa. Usimpe hata fesku iliyokaushwa, kwa kuwa kukausha hakuimalizi sumu. Muulize daktari pia kuhusu domperidoni, dawa inayorudisha prolaktini.

Ukishamhamisha, niandikie tarehe aliyopandwa, tuhesabu siku pamoja.

Wako,
Salma