Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwangwi wa Redio na Mwangwi wa Mwili

Ndugu wanachama wenzangu, mafundi na wahandisi wa vifaa tiba, pamoja na wageni wetu mliotoka wodini na vyuoni,

Hesabu za fedha atazisoma mtunza hazina, na orodha ya wanachama wapya imo kwenye makabrasha mliyopewa mlangoni. Mimi nimeomba muda wangu mwingi niutumie kwa jambo ambalo kamati yenu ililifanya kuwa kazi kuu ya mwaka, yaani mafunzo ya uchakataji wa ishara: hesabu za kuchambua mawimbi ya redio na ya sauti ili kupata taarifa iliyomo. Baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza: fundi anayeamshwa usiku wa manane kwa sababu altrasaundi ya wodi ya wazazi imegoma, hesabu za mawimbi zitamsaidia nini? Taarifa hii ndiyo jibu langu.

Mafunzo tuliyaanzia Sydney, Australia, kwa sababu katika mji huo mmoja kulifanyika kazi mbili zinazotuhusu kila siku. Ya kwanza ilikuwa kuushinda mwangwi wa redio ndani ya majengo. Ya pili ilikuwa kuusikiliza mwangwi wa sauti ndani ya mwili wa binadamu.

Ya kwanza inaongozwa na jina la mhandisi John O'Sullivan. Alisoma Chuo Kikuu cha Sydney, kisha miaka ya 1970 akafanya kazi Uholanzi kwenye darubini za redio. Stephen Hawking alikuwa ameonyesha mwaka 1974, kwa hesabu, kwamba mashimo meusi madogo, yale magimba ya angani yenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, yanaweza kupungua hadi yakalipuka. Mlipuko wa namna hiyo ungetoa mpigo mfupi mno wa redio. O'Sullivan na wenzake wakautafuta, wakaukosa, na mwaka 1978 wakachapisha kwamba wameukosa. Nawaomba vijana wetu waliangalie hilo kwa makini. Watu wale hawakuficha matokeo kwa kuwa yalikuwa "hakuna". Na utafutaji wenyewe uliwapa ujuzi, maana mpigo wa redio ukivuka anga za mbali hutawanyika, masafa yake ya juu (yaani mitikisiko mingi zaidi kwa sekunde) yakatangulia na ya chini yakachelewa, na anayetaka kuupata lazima ajue kuupasua katika masafa yake kisha kuukusanya upya.

Mwaka 1983 alirudi nyumbani, kwenye shirika la utafiti la serikali ya Australia, CSIRO. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na Terence Percival, Diethelm Ostry, Graham Daniels na John Deane wakalikabili swali la kuunganisha kompyuta ndani ya ofisi bila waya na kwa kasi kubwa. Kikwazo kilikuwa mwangwi. Wimbi likitoka kwenye kisambazaji hugonga ukuta, dari na kabati la chuma, kisha kipokezi kikapata ujumbe uleule mara nyingi, kila nakala ikiwa imechelewa kwa kiasi chake. Ukituma polepole, mwangwi wa alama ya kwanza, yaani kipande kimoja cha ujumbe, huwa umekwisha kabla ya alama ya pili kufika. Ukiharakisha, zinapandana na hakuna kinachosomeka.

Jibu lao linanifurahisha kila nikilieleza. Mkondo mmoja wa kasi waliugawanya katika mikondo mingi ya polepole, kila mmoja ukipita kwenye masafa yake. Kila alama ikawa ndefu kiasi kwamba mwangwi hauna nguvu ya kuivuruga. Juu ya hapo wakachanganya mpangilio wa data na kuongeza taarifa za akiba, ili masafa machache yakimezwa na ukuta, kipokezi kiweze kujaza pengo. Kazi yote ya kugawa na kukusanya inafanywa na hesabu ya Fourier ya haraka, njia ya kupasua wimbi katika masafa yanayoliunda, ile inayoandikwa FFT vitabuni. Hataza ya Marekani, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, ilitolewa mwaka 1996. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11a kilichotoka mwaka 1999 kinatumia mikondo 52 na kufikia megabiti 54 kwa sekunde. Baada ya kesi nyingi mahakamani, CSIRO ilipata zaidi ya dola milioni 430 za Australia kutokana na hataza hiyo, na mwaka 2012 timu hiyo ilipewa Tuzo ya Wavumbuzi ya Ulaya.

Sasa njooni kwenye chumba chetu cha altrasaundi. Mama mjamzito amelala, daktari anapima mtiririko wa damu kwenye kitovu cha mtoto kwa Dopla, kipimo cha kasi ya damu kwa mwangwi wa sauti, na chini ya kioo unapita ule mkanda wenye vilele na mabonde. Mkanda ule ni zao la FFT. Mashine huchukua mwangwi unaorudi kutoka kwenye chembe za damu zinazotembea, ikaupasua katika masafa, na kila masafa ni kasi fulani ya damu. Hesabu iliyowasaidia wale wahandisi kuukwepa mwangwi ndiyo hiyohiyo inayotumika hapa kuusoma. Hapo ndipo nilipoona macho ya wanachama wengi yakifunguka wakati wa mafunzo, na hapo kamati iliridhika kwamba muda haukupotea.

Kazi ya pili ya Sydney haina umaarufu kama wa Wi-Fi, na mimi naona imedhulumiwa. Mwaka 1959 serikali ya Australia ilianzisha kitengo cha utafiti wa altrasaundi, na mhandisi George Kossoff ndiye aliyekuwa mhimili wake. Mwaka 1962 yeye na daktari William Garrett walikuwa wanapata picha za wajawazito katika Royal Hospital for Women. Picha za zama zile, kokote duniani, zilikuwa nyeusi na nyeupe tupu. Mwangwi mkali wa fuvu la mtoto au ukingo wa uvimbe ulionekana. Mwangwi hafifu kutoka ndani ya nyama ya ini au kondo la nyuma ulipotea.

Wenye mashine mnajua sababu. Mwangwi mkali unaweza kuuzidi ule hafifu mara elfu moja na zaidi kwa kimo, na kioo cha zamani hakikuweza kuonyesha tofauti kubwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 timu ya Kossoff ilibana tofauti hiyo, ikapunguza nafasi ya mwangwi mkali na kuuinua ule hafifu, hadi kila kiwango kikapata rangi yake ya kijivu. Kuanzia hapo daktari aliweza kuona hali ya ini lenyewe, si mpaka wake tu. Katikati ya miaka ya 1970 wakatoa Octoson, mashine yenye vipaza na vipokea sauti vinane ndani ya tangi la maji, mgonjwa akilala juu ya utando. Mashine hizo zimekwisha, lakini kile kitufe tunachokizungusha na kukiita "dynamic range", yaani upana kati ya mwangwi mkali na hafifu unaoonyeshwa kiooni, ni mtoto wa kazi ile. Ukikigusa bila kujua kinafanya nini unaweza kumfichia daktari uvimbe.

Wajapani nawataja kwa kifupi tu, ingawa wanastahili kikao chao. Mwaka 1985 Chihiro Kasai na wenzake walichapisha njia ya kupaka rangi mtiririko wa damu papo hapo. Hulinganisha mwangwi wa mpigo mmoja na wa mpigo unaofuata, badala ya kufanya hesabu nzima ya Fourier kila mahali. Wataalamu wa rada walikuwa na ujanja wa jamaa hiyo kwa ajili ya mawingu na ndege.

Nirudi kwa O'Sullivan, kwa sababu baadaye alishiriki katika darubini ya redio ya ASKAP huko Australia Magharibi. Ina sahani 36, na kwenye kila sahani kuna kipokezi chenye vipande 188 ambavyo ishara zake hucheleweshwa na kujumlishwa ili kuelekeza jicho mahali panapotakiwa bila kusogeza chuma. Probu yetu ya tumbo, kile kishikio kinachowekwa mwilini kutuma na kupokea sauti, mara nyingi yenye vipande 128, inafanya vivyo hivyo. Sauti mwilini huenda takribani mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kila sentimita ya kina, kwenda na kurudi, huchukua sekundemikro 13 (sehemu 13 za milioni za sekunde). Mashine huchelewesha kila kipande kwa kiasi chake hadi miangwi ya nukta moja ifike pamoja. Vipande vichache vikifa, jumla haikamiliki. Picha haizimi. Inapungua ubora kidogo kidogo, mpimaji anaizoea, na hakuna anayepiga simu kwa fundi.

Hili ndilo linaloninyima usingizi. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2009 ulipima probu 676 zilizokuwa kazini katika hospitali 32, na karibu 40 kati ya kila 100 zilikuwa na hitilafu. Hiyo ni Sweden, yenye mafundi na bajeti. Sisi bado hatujapima za kwetu, na mwaka ujao lazima tupime.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Washa mashine probu ikiwa hewani, safi na bila jeli. Punguza gain (ukuzaji wa ishara), weka kina kifupi, na utaona mistari sambamba ya mwangwi wa lenzi yenyewe. Ukiona ufa mweusi unaoshuka wima, shuku vipande vilivyokufa au waya uliokatika ndani ya kebo. Kisha buruta ncha ya klipu ya karatasi taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uangalie alama yake kwenye kioo kama inafifia mahali popote. Andika, piga picha ya kioo, weka tarehe. Tafadhali msiruhusu mtu abadilishe bodi ya umeme ya mashine kabla ya kipimo hiki.

Mafunzo haya yameshazaa matunda. Katika kituo kimoja cha afya, probu mpya isiyo na waya, inayotuma picha kwenye tableti kwa Wi-Fi, ilikuwa inakatakata picha, na ilishaandikiwa barua ya kurudishwa kwa muuzaji. Mwanachama wetu aliomba aione kwanza. Nje, chini ya mwembe, ilifanya kazi bila shida. Ndani ya chumba chenye makabati ya chuma na ukuta uliopakana na stoo ya mabati, iligoma. Alihamisha mtandao kutoka gigahezi 2.4 kwenda 5, akasogeza tableti na makabati, na picha ikatulia. Fundi yule alitambua kwamba kifaa kile kina miangwi miwili, mmoja wa kutafutwa na mmoja wa kukwepwa, na kwamba uliokuwa unasumbua ni wa pili.

Vifaa vya namna hiyo vitaongezeka. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24, na pendekezo hilo halitekelezeki bila mashine kufika zahanati. Zitakapofika huko hazitakuwa na mhandisi jirani. Wa kwanza kuitwa atakuwa mmoja wenu.

Kwa hiyo kamati inaleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, chama kinunue kiigizo cha mwili cha kupimia ubora wa picha, kizunguke kwa zamu katika kanda zetu. Makadirio yake yamo ndani ya taarifa ya mtunza hazina. La pili, kila mwanachama anayehudumia altrasaundi ajaze fomu ya probu zake kila baada ya miezi mitatu, bila kutaja jina la mgonjwa wala la mpimaji, ili mkutano ujao tuzungumze kwa takwimu zetu wenyewe. Fomu ziko mezani kwa katibu. Tutapiga kura baada ya chai, na nawaomba wenye pingamizi walete hoja zao kwa maandishi kabla ya hapo.