Kwa vijana wa mikokoni, kabla ya mkutano

Kwa vikundi vya kupanda mikoko na vya wavuvi, kuanzia Tudor hadi Port Reitz.

Assalaam aleikum wanangu. Nasikia mmegawanyika. Wengine mwataka kila mradi wa umeme unaoletwa ufuoni ufukuzwe, wengine mwasema uje tu, bora kazi. Nawaandikia nyote kwa pamoja.

Umeme twauhitaji. Stima ikipotea usiku kucha, samaki wa kwenye friza huoza, na hasara humwangukia mvuvi na mama karanga, yule auzaye samaki wa kukaanga. Kwa hilo siwaungi mkono wanaokataa kila kitu. Lakini ardhi inayoombwa ni ya nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na misitu ya serikali vilevile. Hakuna afisa wala tajiri aliyeirithi.

Basi ulizeni hili kwanza: je, mradi unaoletwa ni lazima ukae hapa? Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kazi 1981, na mbuga ya wanyama ya Hell's Gate ikatangazwa palepale 1984. Mabomba yamenyanyuliwa mahali mahali ili wanyama wapite chini yake. (Wamaasai waliohamishwa huko wana yao ya kusema, na wasikilizwe.) Mvuke wa ardhini huwezi kuuhamisha, utauchimba pale ulipo. Tangi la mafuta au mtambo wa gesi waweza kujengwa kwingine.

Mikoko nayo haihamishiki. Tazameni mkoko uitwao mchu maji yakipwa: vile vijiti vinavyochomoza matopeni ndivyo pumzi yake. Mafuta yakivipaka, mti hauna tena pa kuvutia hewa, hukauka ungali umesimama. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa na mikoko ikafa. Msikubali kuambiwa kwamba mkikata hapa mtapanda kule, kana kwamba mche wa leo utatunza samaki wachanga mwakani.

Sasa lililonisukuma kuandika. Nimehudhuria mikutano ya kukusanya maoni ambapo watu hutia sahihi kwenye orodha, hupokea nauli na soda, kisha huondoka kabla ramani haijafunguliwa. Orodha ile baadaye husomwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Vijana, sahihi yako ni mali. Usiitoe kabla hujajua unaitilia nini.

Na msidhani kulalamika kwa utaratibu hakuna faida. Lamu waliletewa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Watu walisemezwa mapema, lakini ripoti ya athari kwa mazingira ilipokamilika hawakurudishiwa waijadili ipasavyo. Wakaenda kwenye jopo la rufaa za mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Hawakurusha jiwe. Walikuwa na karatasi zao, na walijua wapi sheria ilirukwa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Iombeni ripoti ya athari mapema kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ni kubwa, gawaneni: aliyesoma sayansi achukue sura ya maji na taka, mvuvi mkongwe asomewe sehemu ya njia za samaki aseme kama ni kweli. Kina mama wanaookota chaza na kaa waitwe pia, wao wanayajua matope kuliko sisi sote. Kisha siku ya bamvua, maji yakienda mbali, chukueni ramani mtembee nayo ufuoni mpaka mwone mpaka wa mradi umepita wapi, juu ya mikoko gani, na dau zitapita wapi. Mtakayoyaona yaandikeni kwa tarehe na majina yenu, mpeleke NEMA ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo, nakala mbaki nayo iliyogongwa muhuri.

Anayetaka kusomewa ripoti kwa Kiswahili aje kwangu baada ya swala ya Ijumaa. Tutaisoma pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

Mzee wenu, Mombasa