Msimfundishe mtu kukata tamaa: barua kwa vijana wa Tabora

Wanangu, mwangaluka.

Siku ya Uhuru nilipita kijiweni kwenu, Ng'ambo. Redio inapiga Wimbo wa Taifa, ninyi mnacheka. Hilo nawasamehe. Nimewaona mkirudi kutoka usaili Dodoma mikono mitupu, nauli mmekopa, na roho yangu inauma. Kilichonikera ni mlichomwambia yule binti aliyetaka kwenda mkutano wa mtaa kuuliza hesabu za michango ya darasa: "Dada, nchi hii ina wenyewe, usijichoshe." Akanyamaza, akaenda zake.

Nani kawapa ruhusa hiyo? Ukikata tamaa, baki nayo moyoni. Kumwambukiza mwenzako ni dhambi.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana mji huuhuu. Mbele yao kulikuwa na uchaguzi wa dhuluma, kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waafrika. Na kura yenyewe hupigi bila kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au darasa la nane, au wadhifa unaotambulika. Baba yangu, mrina asali, hakuwa na hata kimoja. Wengi mkutanoni walitaka kususa, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapahapa Tabora, akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. TANU ikashinda uchaguzi ule, na 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa.

Tunauita Uamuzi wa Busara, lakini watoto wanaukariri kwa ajili ya mtihani tu. Wale wazee hawakuusifu ule utaratibu. Waliuchukia, na bado wakaingia. Ninyi mnadhani aliyekata tamaa ndiye mwerevu, na mwenye matumaini kadanganywa. Si kweli hata kidogo!

Nanyi wakubwa wenzangu mnaopanda jukwaani kila Desemba, msishangilie. Mnawasomea vijana orodha ya barabara na maji ya Ziwa Victoria. Maji yamefika kweli, tunashukuru. Lakini kijana akiuliza ajira mnasema hana uzalendo. Akiuliza fedha za mtaa, mchochezi. Mmewafunga midomo wenyewe, kisha mnashangaa hawaimbi.

Mengine kwa ufupi, wanangu. Jiandikisheni kupiga kura. Matusi acheni. Anayerudi kijijini kulima tumbaku msimcheke. Ukitoa mchango, dai stakabadhi. Na tangazo la mkutano likibandikwa ofisi ya mtaa, nendeni mapema, mkae mbele. Hesabu zikisomwa harakaharaka, ombeni zisomwe tena, polepole, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.